Nani Hustahimili Mkesha: Kijana au Mzee?

Katika matanga ya huku kwetu Kisumu, usiku unapokuwa mkubwa wazee huambiwa wakajinyooshe, nao vijana huachiwa mkesha. Kunapopambazuka, kijana yuleyule ambaye hakupata hata lepe la usingizi hukabidhiwa usukani awarudishe wageni Nakuru, kwa sababu eti damu yake ingali moto.

Dhana potofu: Kijana hustahimili kukesha kuliko mzee.

Ukweli: Watu wazima wenye afya njema walipokeshwa maabara na kupimwa uangalifu, kwa kubonyeza kitufe kila ishara ilipotokea, vijana wa miaka ya ishirini kwa kawaida ndio walioporomoka zaidi kuliko waliovuka miaka 60. Shinikizo la kutaka kulala huwa kubwa zaidi katika ubongo wa kijana. Likimzidi, ubongo hujilaza wenyewe kwa sekunde chache huku macho yakiwa wazi. Niliyaona hayo tukitoka matangani, tulipokuwa tumeipita Kericho: mpwa wangu alikuwa akitazama mbele, mikono yote miwili usukanini, ilhali gari lilikuwa likiuvuka polepole mstari wa manjano. Nilipomshtua alijibu, “Niko sawa, shangazi,” na naamini hakuwa akinidanganya.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003, watu waliolala kwa muda wa saa 6 tu kila usiku, siku 14 mfululizo, walifikia kiwango cha makosa kinacholingana na cha mtu aliyenyimwa usingizi kabisa kwa hadi siku mbili, lakini wenyewe walijihisi wamechoka kidogo tu. Ubongo uliokosa usingizi hauwezi kujipima.

Haina maana kwamba mzee ndiye apewe gari. Hata akiwa amelala vizuri, kwa kawaida huitikia jambo polepole kuliko kijana. Mkesha humpunguzia kidogo tu kutoka hapo alipo.

Dhana potofu: Mzee hahitaji usingizi mwingi.

Ukweli: Kinachopungua zaidi ni uwezo wa kulala fofofo, kwani ule usingizi mzito wa awali ya usiku, ambao husaidia kuimarisha kumbukumbu, hufifia kadiri umri unavyosonga. Waliofikisha miaka 65 bado wanashauriwa kulala kwa muda wa saa 7 hadi 8. Utafiti mmoja wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2021 baada ya kuwafuatilia watu karibu 8,000 kwa takriban miaka 25, ulionyesha kwamba waliolala muda wa saa 6 au pungufu walipokuwa na miaka 50 na 60 walipatwa zaidi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Huo si uthibitisho kwamba usingizi haba ndio chanzo, ila mama anayedamka saa tisa usiku kila siku asiachwe hivihivi kwa kuambiwa ni uzee. Apelekwe kwa daktari.

Dhana potofu: Kahawa huondoa usingizi.

Ukweli: Huuficha tu. Kafeini huziba mahali ambapo adenosini, kemikali inayojikusanya tukiwa macho, huupa ubongo habari ya uchovu. Kemikali yenyewe hubaki. Siku ile tuliegesha karibu na Londiani. Mpwa wangu alilaza kiti, na kabla sijamaliza kufunga dirisha alikuwa ameanza kukoroma.