Eti vya zamani ndo vilikuwa imara?
Kila nikipita Mwembe Tayari hapa Mombasa nasikia watu wakisema eti kampuni zote siku hizi zinatengeneza takataka, vya zamani ndo vilikuwa vitu. Si kweli jamani. Charahani ya Singer ya nyanya bado inashona, sawa, lile gurudumu ukilizungusha kwa mkono linaenda laini kama limetiwa mafuta jana, lakini hiyo ndo iliyobaki, zile zilizokufa zilishauzwa skrepu kitambo, nani atazihesabu? Tena kuna vitu havijashuka ubora kabisa, saa ya Casio F-91W ilitoka 1989 na leo bado inauzwa karibu vilevile, betri inakaa kama miaka 7. Magari nayo usiseme, hapa kwetu hewa ya chumvi ilikuwa inakula bodi mpaka unaiona lami chini ya miguu, sasa mabati ya gari mengi yanapakwa zinki kiwandani kwa hivyo kutu inachelewa sana. Zipo kampuni zilizoshusha ubora, hilo sibishi, ila usihukumu kwa umri wa jina, muulize fundi anayevifungua vitu hivyo kila siku.