LDL si kolesteroli

"Parachichi lina kolesteroli nzuri." Kauli hii inasemwa redioni, inasemwa na wauza virutubisho, na juzi nimeisikia kwa mtu wa afya aliyekuwa akimsomea mzee mmoja majibu yake ya maabara. Parachichi halina kolesteroli, iwe nzuri au mbaya. Mafuta yake yanafaa, hasa yakishika nafasi ya siagi au samli, lakini kolesteroli inayotuhusu sisi iko kwenye nyama, mayai na maziwa, na zaidi ya yote hutengenezwa na ini letu wenyewe, hata kwa mtu asiyegusa nyama maisha yake yote.

Lipoprotini ni chembe ndogo mno ya mafuta na protini inayosafirisha mafuta katika damu. Mafuta na maji havichangamani, kwa hiyo kolesteroli na trigliseridi, yaani mafuta ya kawaida ya mwili, hazina njia nyingine ya kusafiri. LDL, lipoprotini ya msongamano mdogo, ni aina moja ya chembe hizo, na ndiyo watu huiita "kolesteroli mbaya"; HDL, ya msongamano mkubwa, ni nyingine, nayo huitwa "nzuri". Kolesteroli iliyomo ndani ya zote mbili ni ileile, haitofautiani hata kwa atomu moja. Shehena ni moja. Ubaya tunaouzungumzia ni wa chombo.

Hili si jambo jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John Gofman, daktari aliyekuwa pia mkemia wa nyuklia, alifanya kazi katika Maabara ya Donner, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Yeye na wenzake, akiwemo Frank Lindgren, walichukua majimaji ya damu, wakayatia chumvi yawe mazito zaidi, kisha wakayazungusha kwenye ultrasentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi kubwa, makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Protini za kawaida zilizama. Lipoprotini, kwa sababu ya mafuta yake, zilielea, tena kwa mafungu: zenye mafuta mengi zilitangulia juu, nyingine zikafuata. Majina LDL na HDL yametokana na msongamano huo, mdogo au mkubwa, na hayasemi lolote kuhusu wema wala ubaya. Mwaka 1950 walieleza katika jarida la Science kwamba watu wawili wenye kolesteroli sawa wanaweza kutofautiana sana katika lipoprotini zao, na kwamba tofauti hiyo inahusiana na ugonjwa wa mishipa. Inasikitisha kwamba zaidi ya miaka 70 baadaye bado tunahesabu kolesteroli na kusahau kinachoibeba.

Kila chembe ya LDL imezungukwa na protini moja ndefu iitwayo apoB. Chembe ikipenya ukuta wa ateri, apoB hunasa humo. Seli za kinga huja kuimeza, hujaa mafuta, nyingine hufia hapohapo, na mwaka hadi mwaka utando hujengeka ukutani. Ukipasuka, damu huganda juu yake, na mtu hupata shambulio la moyo au kiharusi. HDL haina apoB, kwa hiyo hainasi namna hiyo.

Jina "kolesteroli nzuri" nalo limewaponza hata wakubwa wa dawa. Dawa iitwayo torcetrapib ilipandisha kolesteroli ya HDL kwa zaidi ya asilimia 70. Desemba 2006 jaribio lake, lenye wagonjwa wapatao 15,000, lilisimamishwa kwa sababu vifo vilizidi kwa waliokuwa wakiimeza. Ni kweli dawa hiyo ilikuwa na madhara mengine, ikiwemo kupandisha shinikizo la damu. Lakini mwaka 2012 utafiti wa vinasaba ulionyesha kwamba watu waliozaliwa na badiliko fulani la jeni linalopandisha HDL hawakupata nafuu yoyote katika hatari ya shambulio la moyo. HDL ya chini ni dalili ya kuangaliwa. Kuipandisha tu si tiba.

Basi karatasi ya maabara ikiandika LDL 4.1, hicho ni kiasi cha kolesteroli iliyobebwa na LDL, kwa milimoli kwa lita, wala si idadi ya chembe zenyewe. Mwenye kisukari au trigliseridi za juu anaweza kuwa na namba ya kuridhisha huku chembe zikiwa nyingi, na hapo kipimo cha apoB, kinapopatikana, husema zaidi. Anayemsomea mgonjwa majibu aseme "kolesteroli iliyo ndani ya LDL", halafu amweleze LDL ni nini.