Kupiga picha mzunguko wa damu mikononi kwa mgonjwa wa sklerosisi ya mfumo

Sklerosisi ya mfumo, ambayo wengi huiita sklerodema, ni ugonjwa unaotokana na kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe. Mishipa midogo ya damu huharibika, ngozi huwa ngumu, na viungo vya ndani navyo vinaweza kuathirika. Mara nyingi dalili huanzia vidoleni: vikipatwa na baridi hugeuka vyeupe, kisha vya bluu, kisha vyekundu. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo hayaonekani wazi, hivyo ganzi na maumivu ndivyo vya kuzingatia zaidi katika kuitambua.

Hii ndiyo hali ya Raynaud, iliyoelezwa na daktari Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862. Watu wengi wanayo bila ugonjwa mwingine wowote. Kwa hiyo daktari anataka kujua jambo moja: je, mishipa inabana na kuachia tu, au imeshaharibika?

Kipimo kinachojibu swali hilo vizuri zaidi ni kapilaroskopia, yaani kutazama kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) kwa darubini kwenye ngozi inayopakana na shina la kucha. Hapo kapilari hulala sambamba na ngozi, hivyo huonekana kwa urefu wake. Mgonjwa hukaa kwanza kama dakika 15 hadi 20 katika chumba chenye nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, kisha tone la mafuta huwekwa kwenye ngozi ili isiakisi mwanga. Darubini ya video hukuza takriban mara 200. Hutazamwa vidole vyote isipokuwa gumba. Kidole cha pete na cha mwisho ndivyo huonyesha vizuri. Rangi ya kucha iondolewe mapema. Anayeng'ata kucha au aliyekatwa ngozi ya pembeni anaweza kuonyesha damu iliyovuja ambayo haihusiani na ugonjwa, na mpimaji asipouliza atadanganyika.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kapilari hujipanga kama vibanio vya nywele, 7 au zaidi katika kila milimita. Kwa mgonjwa, mwanzoni huonekana chache zilizovimba hadi upana wa mikromita 50 au zaidi. Baadaye hizo nene huongezeka pamoja na alama za damu iliyovuja. Mwishoni kapilari hutoweka, mahali patupu hupanuka, na zinazochipuka upya huwa na matawi ovyo. Hapa ndipo wasiozoea hukosea: kapilari nene zikipungua wakati idadi yote inashuka, huo ni ugonjwa kusonga mbele, si nafuu.

Hata hivyo picha peke yake haithibitishi ugonjwa. Katika vigezo vya kimataifa vya mwaka 2013, kapilari zisizo za kawaida hupewa alama 2 na hali ya Raynaud 3, ilhali zinahitajika 9 ili mtu ahesabiwe kuwa na ugonjwa huu.

Kapilaroskopia huonyesha umbo la mishipa. Kujua damu inapita kiasi gani ni kazi ya vipimo vingine. Themografia hutumia kamera ya joto: mikono iliyovalishwa glavu nyembamba hutumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 15 kwa dakika moja, kisha hutazamwa inavyopata joto tena kwa kama dakika 15. Ncha za vidole zikibaki baridi kuliko mgongo wa kiganja kwa zaidi ya nyuzi 1, hata chumba kikiwa na nyuzi 30, uharibifu wa mishipa hushukiwa. Lakini kamera hupima joto la ngozi, si damu yenyewe. Sigara au kahawa iliyotangulia hutosha kuvuruga majibu.

Leza ya Dopla hufuata mwendo wa chembe nyekundu kwa kina cha takriban milimita 1. Vipimo vyake havina kizio halisi, hivyo usilinganishe namba za mashine mbili tofauti. Mgonjwa akitikisa kidole, mashine huhesabu mtikisiko huo kama damu.

Kidonda cha ncha ya kidole kisipopona, tazama pia mishipa mikubwa kwa ultrasaundi ya Dopla. Katika ugonjwa huu ateri (mshipa unaopeleka damu) kubwa ya mkono iliyo upande wa kidole cha mwisho huziba mara kwa mara. Pasha mkono joto kwanza, maana ateri iliyobana kwa baridi inaweza kufanana na iliyoziba. Angiografia, inayohitaji kuingiza dawa ya kung'arisha mishipa, kwa kawaida huachwa hadi upasuaji uwe unafikiriwa.