Mimea dawa ilipataje jeni za kutengeneza dawa? Maswali na majibu

Je, mmea hutengeneza dawa kwa ajili yetu?
Hapana. Mmea haukimbii mdudu wala kuvu, hivyo hujilinda kwa kemikali. Kafeini, kwa mfano, ni sumu kwa wadudu. Sisi tumedandia tu.

Jeni mpya hutoka wapi?
Jeni ni kipande cha DNA, yaani maagizo ya urithi ndani ya seli. Jeni mpya mara nyingi ni nakala ya jeni ya zamani. Kipande cha DNA kikinakiliwa mara mbili kwa bahati, jeni moja huendelea na kazi ya lazima, na ile ya ziada hubaki huru kubadilika. Nyingi huharibika na kupotea. Chache huanza kutoa kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kemikali) chenye kazi nyingine, na kikiukinga mmea, jeni hiyo hurithiwa.

Mfano mzuri ni jeni ya kimeng'enya kinachokamilisha protini ambayo seli haiwezi kuishi bila hiyo. Katika mimea kadhaa isiyo ya ukoo mmoja, nakala yake iligeuka ikawa hatua ya kwanza ya kutengeneza alkaloidi za pirolizidini, sumu inayoharibu ini la binadamu.

Mpopi wa afyuni ulipita njia nyingine: jeni mbili ziliungana zikawa moja. Kimeng'enya chake kina sehemu mbili. Ya kwanza huanza kuigeuza molekuli ya retikulini, malighafi ya mofini, ya pili humalizia, na retikulini hutoka kama taswira yake kwenye kioo. Bila mgeuko huo, hakuna mofini, dawa ya maumivu makali.

Kwa nini majani ya artemisia hayana nguvu sawa?
Artemisinini, dawa ya malaria inayotoka kwenye mmea huu, hutengenezwa ndani ya vitezi vidogo vilivyo juu ya jani. Kiasi chake hutegemea mbegu, umri wa mmea, wakati wa kuvuna (huwa kingi karibu na kuchanua) na ukaushaji. Majani makavu yanaweza kuwa na chini ya asilimia 0.1 au zaidi ya asilimia 1. Kijiko kimoja, basi, si kipimo.

Tena artemisinini haiyeyuki vizuri majini. Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifanikiwa kuitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye takriban nyuzi 35 za Selsiasi tu, hivyo hakuhitaji joto kali. Chai ya majani huweza kutoa dozi pungufu, na vimelea vya malaria vikabaki. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kutibu malaria. Pima malaria, na ukikutwa nayo meza dawa mseto (dawa ya aina ya artemisinini iliyochanganywa na nyingine) kwa siku zote 3 hata kama homa imeshuka siku ya pili.

Kama ni ya asili, si salama?
Sumu za pirolizidini nazo ni za asili, na kuchemsha hakuziondoi. Ukitumia mitishamba ukaona macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai iliyokolea au tumbo linajaa, acha mara moja uende hospitali. Beba na mabaki ya mmea wenyewe, maana jina moja la mtaani huweza kutumika kwa mimea mitatu tofauti.