Marufuku ya kuuza wanyama dukani, na samaki wa mapambo wanavyoponea chupuchupu

Ukisikia kwamba mji fulani wa Marekani umepiga marufuku uuzaji wa wanyama wa kufuga nyumbani, usidhani watu wa huko wamenyang'anywa mbwa wao. Marufuku hiyo inamlenga mwenye duka. Haruhusiwi tena kupanga watoto wa mbwa nyuma ya kioo cha mbele na kuwauza rejareja kama viatu. Wewe unayetaka mbwa bado unaweza kumpata: utamchukua kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa, au utakwenda kwa mzalishaji mwenyewe, ukamwona mama wa mbwa kwa macho yako kabla hujatoa pesa. Anayeondolewa ni mtu wa kati.

Kisa chake ni mabanda makubwa ambayo Wamarekani huyaita viwanda vya watoto wa mbwa. Jike anazaa uzao baada ya uzao ndani ya kizimba cha waya, watoto wanapakiwa na kusafirishwa mbali, na mnunuzi anayewakuta dukani wameshaogeshwa na kuchanwa manyoya hana namna ya kujua walikotoka. Huku nyuma, vituo vya manispaa vimefurika mbwa wasio na mwenyewe, na wengine wanauawa kwa kukosa nafasi. Basi hoja ikawa: funga mlango wa duka, mabanda yakose soko, wateja waelekee vituoni.

Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, ilitangulia mwaka 2006. West Hollywood, California, ikafuata mwaka 2010. Hizi ni sheria ndogo, za ngazi ileile ya zile ambazo halmashauri zetu hutunga kuhusu genge lifunguliwe wapi na baa ifungwe saa ngapi. Baadaye majimbo yenyewe yakaingia: California ilipitisha sheria mwaka 2017, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, ikihusu mbwa, paka na sungura. Lakini kama ilivyo kwa sheria ndogo popote, mkubwa anaweza kuja akaifuta. Mji wa Phoenix ulikuwa na marufuku yake ya mbwa na paka, na mwaka 2016 jimbo la Arizona likapitisha sheria iliyoipindua.

Samaki hawamo kwenye orodha hizo. Waliingia kwenye mjadala kupitia San Francisco.

Jiji hilo lina tume inayoshughulikia udhibiti na ustawi wa wanyama. Mwaka 2010 tume ilijadili pendekezo la kuzuia uuzaji wa karibu kila mnyama wa kufugwa ndani ya jiji, samaki wakiachwa. Mwaka uliofuata pendekezo likarudi limenenepa: safari hii na samaki wamo, hata wale samaki wa dhahabu ambao mtoto hununuliwa wawili ndani ya mfuko wa plastiki. Habari ikasambaa, watu wakacheka, wengine wakakasirika. Tume yenyewe ni ya kushauri tu. Wenye kutunga sheria ni Baraza la Wasimamizi wa jiji, na pendekezo hilo halikuwa sheria. Jiji lilipotunga sheria ya maduka mwaka 2017, ilihusu mbwa na paka.

Hata hivyo wafugaji wa samaki wa mapambo walishtuka, na nadhani walikuwa na haki. Katika sheria za namna hii kila kitu hutegemea tafsiri ya neno moja, "mnyama". Sisi kwa Kiswahili cha kila siku tumeshamaliza kesi hiyo: nyama ni nyama, samaki ni samaki. Mwulize muuza changu pale Feri kama anauza wanyama, uone atakavyokutazama. Lakini mwanasheria akiandika "mnyama maana yake ni kiumbe yeyote mwenye uti wa mgongo", changu, gapi (kasamaki kadogo ka kufugwa kwenye tangi) na samaki wa dhahabu wote wameingia, na hakuna aliyewataja kwa jina.

Ugumu ni kwamba dawa iliyopikwa kwa ajili ya mbwa haimfai samaki. Anayenyimwa mbwa wa dukani anaambiwa aende kituoni. Anayenyimwa gapi aende wapi? Hakuna gapi koko wanaozurura mitaani wakisubiri kuokolewa. Duka la samaki, likiwa zuri, ndiko pia anayeanza anakopimiwa maji na kukatazwa kumtia samaki kwenye tangi alilolijaza jana. Tena wapenzi wengi huzalisha wenyewe. Vyama vyao hufanya minada ambako mtu analeta vifaranga vyake kwenye mifuko, maji kidogo chini na hewa nyingi juu, mdomo umefungwa kwa mpira. Je, huyo naye ni muuzaji? Sheria ikiandikwa kwa mkono mpana, mama anayegawa vifaranga vya tangi la sebuleni anawekwa fungu moja na mwenye mabanda ya mbwa.

Hapo niko upande wao. Nisipokubaliana nao ni pale wanapozungumza kana kwamba biashara yao haina doa. Samaki wengi wa maji baridi wanaouzwa huzalishwa mabwawani, sawa, lakini wengi wa maji chumvi hutolewa miambani wakiwa hai, na Ufilipino na Indonesia zina historia ndefu ya wavuvi kupuliza sumu ya sianidi ili samaki walegee na kukamatika. Halafu kuna wale wanaochoka na tangi wakaenda kulimwaga. Florida inapambana hadi leo na samaki simba, mzaliwa wa Bahari ya Hindi na Pasifiki asiye na kazi yoyote katika Atlantiki.

Kuna mji mmoja, San Diego wa California, ulioshika mambo vizuri zaidi kwa maoni yangu, nao haukugusa samaki kabisa. Mwezi Juni mwaka 2000, wapiga mbizi katika wangwa wa Agua Hedionda, kaskazini ya San Diego, walikuta zulia la mwani wa kijani wasioujua. Ulikuwa Caulerpa taxifolia, mwani wa kupendezesha matangi, uliokwisha kuonekana mwaka 1984 baharini mbele ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco na kutapakaa Mediterania. Kipande kidogo kikikatika kinaota mmea mzima, na wanyama wengi wanaokula mwani hawautaki kwa sumu yake. (Msomaji wa Paje au Jambiani asihofu: mwani anaolima ni wa aina nyingine kabisa.) Ilibidi mwani ule ufunikwe kwa maturubai chini ya maji na kumwagiwa klorini ndani yake. Kazi ilitangazwa kukamilika mwaka 2006, na gharama ilizidi dola milioni 7.

Jimbo la California lilipiga marufuku spishi tisa za Caulerpa mwaka 2001. Halmashauri ya jiji la San Diego ikaona hiyo haitoshi, kwa sababu spishi hizo zinafanana na karani wa duka hawezi kuzitofautisha. Ikazuia jenasi nzima, yaani kila aina ya Caulerpa, kuuza na hata kumiliki. Mwaka 2023 jimbo lenyewe likafuata njia hiyo. Hii nayo ni sheria ya mji inayombana mpenzi wa matangi, ila imetaja kitu chenyewe kinacholeta madhara na kuliacha duka liendelee na shughuli zake.

Mambo haya yanatufikia kuliko tunavyodhani. Ingia kwenye duka la samaki Marekani au Ujerumani, upande wa samaki wa Ziwa Tanganyika, na unaweza kukuta kibandiko kimeandikwa "Frontosa Kigoma" au "Tropheus Ikola", kwa kuwa wapenzi hao hutambua rangi za samaki kwa jina la ufuko walikotoka. Kuna watu hawajawahi kukanyaga Afrika wanaolijua jina la Ikola, kijiji ambacho Watanzania wengi hawawezi kukionyesha kwenye ramani.

Kuna na wa Unguja, Nothobranchius guentheri, kasamaki kadogo ambako dume lake limejaa rangi. Anaishi kwenye madimbwi yanayokauka. Wazazi hufa kiangazi kikiingia, mayai hubaki kwenye tope hadi mvua irudi. Wafugaji huyaweka kwenye mboji yenye unyevunyevu, wakayatia kwenye mfuko mdogo, wakaupeleka posta. Aliyeupokea hungoja wiki zitimie, humimina maji, na baada ya muda mfupi vifaranga vinaogelea. Katika biashara hiyo nzima, hakuna duka hata moja la kufungwa.