Roki progresivu ya Wacheki: nini hasa kilichanganywa?

Roki progresivu ni ile roki ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970 iliyochoka na wimbo wa dakika tatu wa beti na kiitikio. Vipande vikarefuka hadi kujaza upande mzima wa santuri, mapigo yakawa ya kubadilika badilika, na wapigaji wakaanza kuchota kwenye jazi na muziki wa okestra. Zikitajwa bendi za aina hii, za Uingereza ndizo huanza. Chekoslovakia, nchi ya wakati huo ya Wacheki na Waslovakia, nayo ilikuwa na zake, na mchanganyiko wao ulikuwa na tabia yake: mara nyingi wanaroki hawakuigiza jazi, waliwaita wanajazi wenyewe wakae nao studio.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni albamu ya Coniunctio ya mwaka 1970. Blue Effect, bendi ya roki ya Prague yenye mpiga gita Radim Hladík, ilirekodi pamoja na Jazz Q, bendi ya jazi ya Martin Kratochvíl na Jiří Stivín. Kipande cha kwanza kinakaribia dakika 20. Gita la Hladík linakwaruza kwa nguvu, filimbi na saksafoni za Stivín zinapita kati yake, na kuna sehemu ambapo kila mtu anapiga la kwake bila pigo la kushika, kisha roki inarudi na kuwakusanya tena. Usitegemee ulaini. Maungio yanasikika, na kwangu mimi hapo ndipo utamu ulipo.

Mwaka uliofuata Blue Effect walikwenda mbali zaidi. Albamu ya Nová syntéza waliipiga na okestra ya jazi ya Redio ya Chekoslovakia, chini ya Kamil Hála. Mwimbaji wao Vladimír Mišík alikwishaondoka, kwa hiyo hakuna anayeimba hata kidogo. Nafasi yake imechukuliwa na gita, na nyuma yake safu nzima ya tarumbeta, tromboni na saksafoni inayosoma noti. Kazi kama hiyo huwezi kuibuni papo kwa papo. Lazima mtu akae aandike nani aingie wapi, la sivyo gita la umeme linameza kila kitu.

Mišík alihamia bendi ya Flamengo, na mwaka 1972 ikatoka albamu yao ya Kuře v hodinkách. Hapa kiungo kipya ni ushairi. Maneno yaliandikwa na Josef Kainar, mshairi mwenye jina aliyefariki mwaka 1971, kabla santuri haijatoka. Saksafoni, filimbi na kinanda cha Hammond vinabeba maneno ya Kicheki kwa uzito ambao nyimbo nyingi za roki za huko, zilizoanza kwa kuiga Kiingereza, hazikuwa nao.

Upande wa Slovakia, mjini Bratislava, Marián Varga na bendi yake ya Collegium Musicum walielekea kwenye muziki wa kale wa Ulaya. Walipiga muziki wa mtunzi Haydn kwa kinanda cha umeme, na kwenye albamu ya Konvergencie ya 1971 upande mmoja wa santuri umejengwa juu ya Scheherazade ya Rimsky-Korsakov, yaani hadithi zetu zile zile za Alfu Lela Ulela zilizopitia Urusi.

Siasa nayo ilikuwa na mkono wake. Agosti 1968 vifaru vya Umoja wa Kisovieti na washirika wake viliingia nchini, na miaka iliyofuata serikali ikabana: majina ya Kiingereza yalipigwa vita, ndiyo maana Blue Effect wakawa Modrý efekt. Muziki usio na maneno haukumpa mdhibiti mstari wa kukata. Jazi nayo ilivumiliwa kuliko roki. Sehemu ya Jazi ya chama cha wanamuziki, iliyoanzishwa 1971, iliwafunika wengi kwa mwavuli huo, na tamasha lake la Siku za Jazi za Prague liliwapokea hata waliokuwa wanaroki waziwazi. Lakini atakayesema mchanganyiko wote ulizaliwa na woga atakuwa amewaonea: Hladík na wenzake walikuwa na masikio ya jazi tangu Prague ilipokuwa bado na nafuu.

Bendi ya The Plastic People of the Universe, ambao kesi ya mwaka 1976 dhidi ya watu wa kundi lao ilichangia kuzaliwa kwa Mkataba wa 77, tamko la kudai haki za binadamu, ni habari nyingine. Walipoteza kibali cha kazi na wakapiga kwa kificho, na walichochanganya ni kelele za wanaroki wa Marekani, Velvet Underground na Frank Zappa.

Kufikia 1977 okestra zilikuwa zimeshaondoka. Albamu ya Svitanie ya Modrý efekt ni ya bendi ndogo, ila besi imeshikwa na Fedor Frešo, aliyetoka Collegium Musicum, naye anaimba kwa Kislovakia.