Je, wajua kwa nini njia za kando ya bwawa la milimani huwa tambarare na kimya?

Ukiitazama ramani ya Wales ya kati kwa macho ya mwendesha baiskeli, unaweza kuikunja ukaahirisha safari. Milima ya Cambria si mirefu kwa mtu aliyezoea kuuona Kilimanjaro au Meru, lakini barabara zake hupanda ghafla bila kubisha hodi, na baiskeli iliyobeba hema, jiko na nguo za kubadilisha haina msamaha mlimani. Hata hivyo, nje kidogo ya mji mdogo wa Rhayader kuna njia ya kilomita 14 hivi inayoingia katikati ya milima hiyohiyo, ikifuata mabwawa ya bonde la Elan, na watu huipita na watoto wao bila kuhema sana. Malori hakuna. Imekuwaje mahali pa milima pakapata njia ya namna hiyo?

Sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Itazame sufuria iliyochemshiwa maziwa: pale maziwa yalipofika pamebaki mstari, na mstari huo uko usawa mmoja kuizunguka sufuria nzima, hata kama imebonyea. Bonde likizibwa kwa ukuta likajaa, maji huchora mstari wa aina hiyo kwenye miguu ya milima. Waliosoma jiografia watautambua: ni kontua, ila hii imechorwa juu ya ardhi badala ya karatasi. Anayetaka kupitisha barabara kando ya bwawa hana haja ya kushindana na mlima. Hupanda mita chache juu ya usawa wa maji yakijaa, kisha akaufuata.

Gharama yake ni urefu. Kila kijito kinachoingia bwawani hutengeneza hori, na barabara hulazimika kuingia hadi mwisho wa hori, ivuke kijito, kisha itoke tena. Mwenzako aliyetangulia unamwona ng'ambo, mnaweza hata kuitana, lakini bado una safari kumfikia. Ndiyo maana anayepima umbali kwa kunyoosha kidole juu ya ramani hufika akiwa amechelewa, ingawa miguu haijachoka.

Lakini maji peke yake hayatoshi kuieleza njia ya Elan. Barabara za zamani za mabonde hupita chini, kando ya mto, na bwawa likijaa huzama pamoja na madaraja yake. Lazima mtu awe na sababu ya kutengeneza nyingine juu. Huku Elan mtu huyo alikuwa garimoshi.

Mwishoni mwa karne ya 19 jiji la Birmingham lilikuwa limefurika viwanda na watu, na maji machafu yalikuwa yakiwaletea maradhi kama homa ya matumbo. Mwaka 1892 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolipatia jiji hilo haki ya kuchukua bonde la Elan na la jirani yake, Claerwen, kwa ajili ya mabwawa. Kazi ilianza mwaka uliofuata chini ya mhandisi James Mansergh, na Julai 1904 Mfalme Edward wa Saba akaja kufungulia maji. Katikati ya hapo, kuta kubwa za mawe zilisimamishwa mahali ambapo hapakuwa na barabara ya kubebea hata tofali. Mawe, saruji, makaa ya mawe na wafanyakazi vilifika kwa reli ambayo jiji lilijijengea lenyewe, kutoka karibu na Rhayader hadi kila ukuta. Injini zake za mvuke zilipewa majina ya mito na vijito vya hapohapo.

Sasa fikiria mahitaji ya injini ile. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hushika kidogo tu. Mwinuko ukiwa mkali na behewa zikiwa na mawe, huteleza. Kwa hiyo reli hupewa mpando wa taratibu na kona pana, na mwamba ukikaa njiani hukatwa badala ya kupandwa. Mwendesha baiskeli mwenye mizigo anataka vitu hivyohivyo. Kazi ilipoisha reli ziling'olewa, tuta likabaki, na miaka mingi baadaye likatengenezwa kuwa njia ya waenda kwa miguu, farasi na baiskeli. Ukipanda kuelekea bwawa la juu kabisa, Craig Goch, utapita kwenye ufa ambao ni wazi haukufanywa na mto: mwamba umekatwa pande zote mbili, upana wake wa kutosha behewa moja, na ukutani maji yanachuruzika mchana kutwa.

Usidhani ni tambarare mwanzo hadi mwisho. Mabwawa yenyewe yamepangana kama ngazi bondeni: Caban Coch chini, Garreg Ddu, Penygarreg, halafu Craig Goch. Kati ya ngazi na ngazi lazima upande, na hapo ndipo gia ndogo hufanya kazi. Karibu na Rhayader kuna mpando mwingine wa kuchekesha kidogo. Njia hukutana na handaki la reli ya zamani, lakini badala ya kupita ndani hukwea juu yake, kwa sababu handaki limeachiwa popo na limefungwa kwa watu. Popo wamelala, wewe unasukuma pedali.

Basi kwa nini ujenzi huu wote uwe mlimani, mbali na Birmingham? Kwa sababu mlimani kuna mvua, na mlimani kuna kimo. Bonde la Elan hupata mvua ya milimita 1,800 hivi kwa mwaka, na mwamba wake haunywi maji kirahisi. Kimo nacho kiliokoa pampu. Kutoka mnara wa kuchukulia maji hapo bwawani hadi hifadhi ya Frankley, nje ya Birmingham, ni kilomita 118, na tofauti ya kimo ni mita 52 tu, yaani mteremko wa mita 1 kwa kila mita 2,300. Maji hujiendea yenyewe na kufika baada ya siku moja na nusu hivi. Ukivuka bwawa la Garreg Ddu kwa barabara, jua kwamba chini ya matao unayopita juu yake kuna ukuta mzima uliozama. Uliwekwa makusudi, ili Caban Coch ikipungua wakati wa kiangazi, maji ya upande wa juu yasishuke chini ya mdomo wa mnara. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipande cha uhandisi kizuri kuliko vyote bondeni, na wengi hupita juu yake wakipiga picha za upande mwingine.

Tumejibu swali la utambarare. Ukimya una habari yake, nayo haipendezi sana.

Zamani, kabla ya mitambo ya kisasa ya kusafisha maji, njia ya uhakika ya kupata maji safi ilikuwa kuweka watu mbali na chanzo chake. Birmingham haikuchukua bonde tu; ilinunua eneo zima linalomwaga mvua yake humo, kilomita za mraba 180 hivi. Watu wapatao 100 walihamishwa. Mashamba 18, nyumba kubwa, shule na kanisa vilikwenda na maji, na waliolipwa fidia ni wenye ardhi peke yao. Wapangaji na vibarua walifunga mizigo wakaondoka. Wajenzi waliokuja mahali pao walikaa kwenye kijiji cha mbao kilichokuwa ng'ambo ya daraja lenye mlinzi. Mgeni hakuvuka siku hiyohiyo. Alilala kwanza kwenye nyumba ya kupokelea, akakaguliwa chawa na magonjwa, ndipo akaruhusiwa, na mzigo wake ukapekuliwa pombe. Leo juu ya mabwawa kuna kondoo, mwewe wekundu wenye mkia uliogawanyika, na nyumba za kuhesabu. Pasipo na nyumba hapana magari ya kwenda kazini, ya kupeleka watoto shule wala ya kuleta bidhaa dukani. Kimya ulichokifuata na baiskeli yako kimetokana na hapo.

Jambo moja liliwekwa sawa kwenye sheria ile ya 1892: wananchi walipewa haki ya kutembea katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo kwa ajili ya hewa na mapumziko. Kwa wakati ule halikuwa jambo la kawaida, maana miji mingine ilifunga mageti kabisa.

Tena barabara kuu haziingii humu. Mbili zinazokutana Rhayader, ya kaskazini–kusini na ya mashariki–magharibi, zinaupita mji na kuendelea na njia zao, kwa hiyo dereva wa lori hana cha kumpeleka bondeni. Hili ndilo linaloamua zaidi kuliko bwawa lenyewe. Pale Mtera, barabara ya Dodoma–Iringa inapita juu ya ukuta wa bwawa, na mwenye baiskeli huvuka akigawana lami na mabasi na malori. Ladybower, kaskazini mwa Uingereza, nayo imekatizwa na barabara ya Sheffield–Manchester, lakini ukiingia ndani kuelekea mabwawa ya Derwent na Howden kelele zinaisha, na mwisho wa wiki kipande cha juu cha barabara hufungwa kwa magari.

Na bwawa la milimani si lazima liwe na njia laini. Ndakaini, katika kaunti ya Murang'a chini ya milima ya Aberdare, hulipatia jiji la Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, na kwa miaka mingi zimefanyika mbio za nusu marathoni za kulizunguka. Wakimbiaji huziogopa: ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara inapanda na kushuka migongo ya vilima vya chai. Barabara za namna hiyo huenda zinakokaa watu na zao lao, wala haziulizi maji yamefika wapi. Kwa baiskeli ni safari nzuri mno, ila usimdanganye mtu kwamba ni tambarare.

Anayekwenda Elan na ajiandae kulowa. Mabwawa yaliwekwa hapo kwa sababu ya mvua, na mvua haijahama. Upepo nao hupita bondeni bila kizuizi, mara nyingi kutoka magharibi, hivyo nenda kinyume chake asubuhi ukiwa na nguvu. Barabarani utakutana na vyuma vya mviringo vilivyolazwa kukatiza lami ili mifugo isipite. Vikiwa vimelowa ni hatari: nyoosha usukani kabla hujavifikia, acha breki, vuka moja kwa moja. Mwenye matairi mapana anaweza kuendelea hadi Claerwen, bwawa la mwisho, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1952. Kandokando yake upande wa kaskazini kuna njia ya changarawe na mashimo, inayofuata kila hori, na haina duka wala bomba la maji.

Reli iliishia ukuta wa Craig Goch, kwa kuwa juu yake hapakuwa na ukuta mwingine wa kujenga. Ulaini nao unaishia karibu na hapo. Barabara ya lami huendelea kando ya maji hadi daraja la Pont ar Elan, na ukikata kulia unarudi Rhayader kwa barabara ya zamani ya mlimani, ambayo ilikuwapo kabla Birmingham haijaona kiu. Hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya garimoshi. Hupanda kwanza, kisha hushuka kwa kasi hadi mjini, na kondoo hupenda kulala juu ya lami yake, basi breki zikaguliwe pale darajani.